Tupeane uzoefu: vijiji vya mvinyo na miji ya kale ya Alsace, Ufaransa

Mwanzisha uzi
Wadau, uzi huu ni wa wanaopanga kwenda Alsace, mashariki mwa Ufaransa, kati ya milima ya Vosges na mto Rhine. Barabara ya Mvinyo ilizinduliwa mwaka 1953 na ina takriban kilomita 170, kuanzia Marlenheim hadi Thann. Wengi hukosea kwa kutaka kuimaliza kwa siku moja. Ukipita vijiji vitano kwa mkupuo, jioni huwezi kukumbuka kipi kilikuwa kipi. Viwili kwa siku vinatosha kabisa. Leteni mambo ya vitendo.

Mguu_Njia
Mkuu, fikia mji wa Colmar. Kwa treni za TER, yaani za mkoa, kutoka Strasbourg ni kama nusu saa. Eguisheim iko karibu, baiskeli inatosha. Riquewihr haina kituo cha treni, ni basi au gari, na Jumapili mabasi ni ya shida, kwa hiyo siku hiyo ibakizie Colmar. Wenye gari huliacha nje ya ukuta wa kijiji, kwenye maegesho ya kulipia.

Eguisheim imejengwa kwa duara. Wageni hunyoosha barabara kuu, wakafika mwisho na kugeuza. Shika Rue du Rempart, uchochoro unaozunguka kijiji kizima, ndipo utaona nyumba za zamani zilivyobanana. Zitazame kuta kwa karibu: ni fito na udongo uliokandwa na majani makavu, kama tunavyojenga sisi, ila zimebanwa katikati ya magogo mazito ya mbao.

Pipa la Mwaloni
Kuhusu kuonja, mpangilio ndio kila kitu. Anza na divai za zabibu za Sylvaner au Pinot Blanc, nenda Riesling, kisha Pinot Gris, halafu Gewurztraminer. Zile tamu zilizoandikwa "Vendanges Tardives", za zabibu zilizochelewa kuvunwa, ziwe za mwisho. Ukitanguliza Gewurztraminer, harufu yake ya waridi hung'ang'ania mdomoni, na Riesling nzuri itakayofuata utaiona kama maji ya ndimu. Utailaumu divai bure.

Soma lebo. Tangu mavuno ya 2021 inataja kiwango cha utamu: "sec" ni kavu, "demi-sec" ina utamu kidogo, "moelleux" na "doux" ni tamu zaidi. Kabla ya hapo watu walikuwa wakinunua Pinot Gris wakidhani ni kavu, wakafika mezani na samaki wakakuta sukari.

Saa sita hadi saa nane mchana wakulima wengi hufunga wakale, usigonge. Na dereva ateme, kopo la kutemea lipo na hakuna anayeona ajabu. Mimino sita ya sentilita 4 ni sentilita 24, zaidi ya glasi mbili za kawaida, wakati sheria inaishia gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu, na 0.2 kwa dereva mwenye leseni mpya.

Zabibu_Kavu
Wa Dodoma wataelewa haraka kwamba ukavu ni rafiki wa mzabibu. Vosges huzuia mvua za magharibi, ndiyo maana Colmar ni miongoni mwa miji mikavu zaidi Ufaransa. Ila Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, Alsace mara moja, kuanzia Septemba. Msimu huo njia za miguu mashambani hufungwa, na mwenye shamba hana muda wa kukumiminia. Mei na Juni ni bora.

Mnara 1291
Msiishie kwenye glasi. Riquewihr, tazameni mnara wa Dolder wa mwaka 1291: upande wa nje ni jiwe tupu la kumkabili adui, upande wa ndani ni mbao kama nyumba ya kuishi. Kaysersberg ndiko alikozaliwa Albert Schweitzer, yule daktari wa Lambaréné, Gabon.

Colmar, tengeni saa mbili kwa makumbusho ya Unterlinden. Michoro ya altare ya Isenheim, kazi ya Grünewald ya 1512–1516, ilichorwa kwa watawa waliotibu wagonjwa wa sumu ya ukungu wa nafaka. Sogeeni muone ngozi ya Kristo msalabani: imejaa vidonda kama ya wagonjwa wale, na vidole vimekakamaa. Kisha zungukeni nyuma, maana paneli zimetenganishwa na wengi huondoka bila kuuona Ufufuko.

Mguu_Njia
Nyongeza ya mizigo: chupa ya Alsace ni nyembamba na ndefu, maboksi ya kawaida ya chupa sita huwa mafupi kwake. Ombeni boksi kwa mkulima mwenyewe, na kila chupa ihesabiwe kilo 1.3.