Digrii ya maliasili inalipa kweli?

MwanaUjiji: Wadau habari za jioni, nipo Kigoma nimemaliza fomu siksi CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) nataka kuomba SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, kozi ya maliasili ila mzee kagoma, anasema miti nayo inasomewa? Mliopita huko nipeni mwanga.

Nzegakwetu: 😂 mwambie mzee misitu ya miombo ya Tabora inaisha kwa kukaushia tumbaku na kuchoma mkaa, sasa nani ataipangia uvunaji? Utapiga ikolojia, ramani za kompyuta (GIS), sheria za misitu, kupima miti, na fildi, dogo fildi jiandae kutembea haswa. Ajira TFS (wakala wa misitu) na TANAPA (hifadhi za taifa) zipo ila mnagombania wengi, usiende na ndoto za gari la V8.

MamaAsali: Mdogo wangu ada ikibana anza na diploma, chuo cha nyuki kipo hapa hapa Tabora, mie nilipita humo kabla ya digrii na mizinga ndo inanilisha mpaka leo, kazi ya ofisini niliisubiri nikachoka.

MwanaUjiji: Asante dada. Halafu Gombe, hifadhi ya sokwe, ni boti tu kutoka kwetu na sijawahi kufika, aibu 🙈