Swichi ya spotilaiti inachemka hadi inanuka, naombeni ushauri

Safari Ndefu

Habari zenu wakuu. Nina pikapu ya volti 12, na nusu ya kazi zake ni usiku kwenye barabara ya vumbi ambako wanyama wanakatiza wakati wowote. Mwezi uliopita nilifungiwa spotilaiti mbili za halojeni juu ya bampa la mbele, kila moja wati 55. Siku za mwanzo nilifurahi sana. Sasa kuna mambo matatu yananinyima usingizi.

Mwanga umekuwa wa njano, kama tochi yenye betri zinazokaribia kuisha. Swichi niliyowekewa kwenye dashibodi inachemka, nikiwasha dakika kumi haishikiki, na juzi nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Niliichomoa nikakuta nyuma pamekuwa kahawia na pini moja inacheza. Halafu wiki iliyopita fyuzi ilikata nikiwa napita kwenye makorongo. Ilikuwa ya ampia 15, nikaweka ya 30 na tangu hapo haijakata.

Aliyefunga alichukua moto (umeme wa chanya) kwenye waya wa swichi ya ufunguo, akaupitisha kwenye swichi ya dashibodi, kisha ukaenda moja kwa moja hadi kwenye taa. Waya wenyewe ni mwembamba. Je, ninunue swichi kubwa zaidi?

Mzee wa Waya

Mkuu, kabla hujanunua chochote, chomoa hiyo fyuzi ya 30 na usiwashe hizo taa mpaka umalize kusoma majibu. Nakuomba sana.

Fyuzi kazi yake ni kulinda waya. Taa mbili za wati 55 ni wati 110, gawanya kwa 12 unapata kama ampia 9. Fyuzi ya 15 ilikuwa inatosha kabisa. Kama ilikata kwenye makorongo, maana yake gari lilipotikisika waya wa moto uligusa bodi mahali fulani. Ulipoweka ya 30 hukuondoa tatizo, umeuruhusu waya mwembamba uwe ndiyo fyuzi. Siku waya ukigusa bodi tena utaungua wote kwa urefu wake, ukiwa umelala pamoja na nyaya nyingine nyuma ya dashibodi. Nimewahi kufungua gari la namna hiyo. Kifungu kizima cha nyaya kilikuwa kimeyeyuka kikashikana kama mshumaa, na mwenye gari alikuwa ana watoto kiti cha nyuma.

Fuata huo waya kwa mkono kutoka kwenye taa. Angalia hasa unapopenya bati kati ya injini na kabini, kama tundu lina mpira.

Bi Spana

Naongezea kwa Mzee. Swichi kubwa haitakusaidia, kwa sababu huo umeme wote hautakiwi kuingia kabini hata kidogo. Weka rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa) chini ya boneti, ya miguu minne inatosha. Mguu wenye namba 30 unapokea moto kutoka kwenye betri kupitia fyuzi ya 15, na hiyo fyuzi uifunge karibu na betri kadiri inavyowezekana, kiganja kimoja hivi. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, ndiyo maana tunakifanya kifupi. Mguu wa 87 unaenda kwenye taa. 86 na 85 ndiyo koili, yaani waya uliosokotwa ndani unaovuta rilei ifunge: upande mmoja moto wa kuamuru, upande wa pili bodi. Koili inakula chini ya robo ampia, kwa hiyo swichi yako ya dashibodi itabaki ya baridi hata ukiwasha usiku kucha.

Waya wa kubeba mzigo uwe milimita mraba 2.5. Wa kwenda kwenye swichi hata 0.75 unatosha.

Na amri ya koili uichukue kwenye taa za ful (mwanga mrefu), halafu ipite kwenye swichi. Ukishusha kuwa dimu (mwanga mfupi) kwa ajili ya anayekuja mbele yako, spotilaiti zinazima zenyewe. Usiku mkono unaweza kuchelewa kufika kwenye swichi, na huyo unayempofusha anaweza kukufuata wewe.

Kijana wa Gereji

Mimi naona mnamzungusha tu. Atoe halojeni aweke LED, zinakula umeme kidogo, rilei ya nini?

Bi Spana

Inategemea LED gani, mdogo wangu. Taa ndefu ya LED ya wati 120 inakula ampia 10, zaidi ya hizo halojeni zake mbili. Ukiwa na vitaa viwili vya wati 18 nakubaliana na wewe, swichi nzuri inabeba. Lakini waya uliochubuka utabaki umechubuka hata akibadilisha taa.

Polepole

Samahani kuchelewa. Wote mmeongelea moto, mimi nauliza kuhusu arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi. Mkuu, una mita ya umeme? Washa injini, washa taa kwa muda mfupi tu ukiwa na fyuzi ya 15, swichi usiishike sana. Weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya chanya pale kwenye taa. Soma. Kisha hasi ya betri na waya hasi wa taa. Soma tena. Hizo namba mbili ndizo volti unazozipoteza njiani. Zote zikijumlishwa zisizidi nusu volti.

Usizione volti ni kitu kidogo. Kwa halojeni, volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30.

Safari Ndefu

Nimerudi wakuu. Betri inasoma 14.1 injini ikiwaka. Upande wa chanya napoteza 1.4, upande wa hasi 0.9. Kwa hiyo taa zinapata 11.8 tu.

Mzee wa Waya, ulijuaje? Tundu kwenye bati halina mpira. Waya umekatika ganda upande mmoja, shaba inaonekana, na kwenye ukingo wa bati kuna doa jeusi la cheche. Nimekaa chini kwanza.

Polepole

Jumla 2.3. Ukizidisha kwa ampia 9 ni wati 20 na kitu zinazogeuka joto ndani ya gari lako, na sehemu yake ndiyo hiyo inayochoma swichi. Mwanga uliobaki ni kama nusu.

Ile 0.9 ya hasi rilei haitaigusa. Fungua bolti ya arthi, nadhani imefungwa juu ya rangi.

Safari Ndefu

Ni kweli, ilikuwa juu ya rangi ya bampa, na bampa lenyewe limekaa kwenye mipira. Nimevuta hasi mpya ya 2.5 hadi kwenye bodi, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, kisha nikapaka grisi juu kuzuia kutu. Waya wa zamani nimeutoa wote, rilei nimeiweka wima miguu ikitazama chini maji yasikae.

Ila kuna kitu sielewi. 86 nimeunga kwenye waya wa moto wa taa kubwa, 85 bodi. Spotilaiti zinawaka hata nikiwa kwenye dimu.

Mzee wa Waya

Gari lako linakata taa upande wa hasi, magari mengi ya Kijapani yako hivyo. Waya wa moto ni mmoja kwa dimu na ful, una umeme muda wote taa zikiwa zimewashwa, na kinachochagua ni ile njia ya kurudi. Usipeleke 85 kwenye bodi. Irudishe kwenye waya wa hasi wa ful, swichi yako ikiwa katikati. Hapo koili itavuta pale tu ful inapowaka. Kama rilei yako ina diodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), hakikisha chanya imeingia mguu uliochorwa kwenye kasha lake, ukigeuza utaiua diodi.

Safari Ndefu

Imekubali! Kwenye dimu spotilaiti zinazima, kwenye ful zinawaka, bila kugusa kitu. Nimepima upya: chanya 0.3, hasi 0.1. Fyuzi ni ya 15, imekaa karibu na betri. Jana usiku nimeendesha kwa muda wa saa mbili, mwanga ni mweupe, na nimeweka kidole nyuma ya swichi mara tatu njiani. Baridi kabisa. Leo asubuhi nimeweka mpira kwenye lile tundu, ingawa sasa hakuna kinachopita pale isipokuwa nyaya mbili nyembamba za swichi.