Tupeane uzoefu: magari ya zamani tunayoendesha kila siku Mombasa, na vipuri vyake tunavyovipata

Assalaam aleykum na habari zenu, ndugu zangu. Naomba tukusanye hapa masimulizi ya wale ambao bado wanakwenda kazini kwa magari yaliyotoka kiwandani zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Sisemi magari yanayofunikwa turubai na kutolewa siku ya sikukuu, bali yale yanayovuka Makupa asubuhi na kurudi jioni. Kila mmoja aeleze gari lake, lililomsumbua na jinsi alivyokipata kipuri, tena aeleze kwa undani wa kumfaa mwenzake mwenye shida kama hiyo. Naanza mimi.

Ninakaa Kisauni na ninaendesha Toyota Corolla AE100 yenye injini ya 5A-FE. Mwaka wa pili baada ya kulinunua lilianza kuchemsha kila nilipokwama kwenye foleni ya Daraja la Nyali. Fundi wa kwanza alibadilisha kifuniko cha rejeta, wa pili akabadilisha rejeta yenyewe, na joto likabaki palepale. Fundi wa tatu, mzee mmoja wa Majengo, hakushika spana mpaka aliponiuliza maji ninayoongeza huyateka wapi. Nilikuwa nikiyateka kisimani nyumbani, kwa kuwa mfereji wetu hukauka siku nyingi. Mzee alilegeza mpira wa chini wa rejeta, akakinga maji kwenye kopo, akachovya kidole, akaonja, akatema. Kisha akanipa kopo nionje na mimi. Yalikuwa ya chumvi waziwazi.

Alipofungua pampu ya maji nilikuta ukoko mweupe kama ule unaoganda ndani ya birika la chai, na mapezi ya pampu yalikuwa yameliwa hadi yakawa mafupi. Injini hii ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu, na maji ya chumvi yakikaa kati ya metali hizo mbili, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Hedi yangu ilikuwa imechimbika pembeni mwa matundu ya maji, mahali gasketi inapokaa, kwa hiyo ilibidi ipelekwe karakana ya mashine Shimanzi ikajazwe na kusawazishwa uso. Tangu siku hiyo naweka kulanti, ile dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji yaliyokenekwa, na kisima changu nimekiachia kufua na kuoshea vyombo.

Jambo la pili alilonionyesha ni kwamba nyumba ya thamostati ilikuwa tupu. Fundi fulani kabla yangu aliitoa na kuitupa, kwa hoja inayosikika gereji nyingi za Pwani kwamba huku kwetu ni joto na haina kazi. Hoja hiyo si sahihi. Thamostati ya injini hii hufunguka kwenye nyuzi 82, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake upesi na kuiweka hapo. Ikikosekana, ukiwa barabarani kompyuta ya gari hudhani injini bado ni baridi na huendelea kumwaga petroli zaidi. Nilipoirudisha, petroli niliyokuwa nikimaliza kwa siku nne ikanifikisha siku ya tano. Kuipata ndiko kulikonitesa, kwa sababu nilizunguka nikiomba "thamostati ya Corolla" na nikauziwa mbili ambazo hazikukaa. Ya tatu niliipata baada ya kuandika kila kilichochapwa kwenye kibati cha gari, kile kilichopigwa ribiti kwenye ukuta kati ya injini na dereva, na kumpa muuzaji namba hizo badala ya jina.

Mwalimu, Changamwe (Peugeot 504)

Nashukuru kwa mada hii, ndugu wa Kisauni. Gari langu ni Peugeot 504 saluni ya injini ya sentimita za ujazo 1971, ambalo marehemu baba alilinunua likiwa jipya na kuniachia. Wazee wakiliona hunisimamisha kunikumbusha mbio za Safari za mwaka 1975, Ove Andersson aliposhinda kwa gari la aina hiyo, na mimi husimama kuwasikiliza hata nikiwa nimechelewa.

Nitaeleza jambo moja tu kwa kirefu, yaani feni. Feni ya 504 haizunguki kwa nguvu muda wote. Ina sumaku ya umeme katikati, na swichi iliyoko kwenye rejeta ndiyo huiamuru ishike maji yanapopata moto. Umeme hufika kwenye sumaku hiyo kupitia kipande kidogo cha kaboni kinachosugua pete ya shaba. Kaboni ikiisha, hakuna dalili yoyote ukiwa kwenye mwendo, kwa kuwa upepo wa barabarani unatosha; utaipata dalili siku utakaposimama nusu saa kwenye foleni ya feri ya Likoni. Mimi nilifika pale mshale ukiwa juu kabisa, nikazima injini, nikasukuma gari kwa msaada wa vijana hadi kando.

Fundi alitaka kuifunga feni kwa bolti izunguke daima, na magari mengi ya aina hii yamefanyiwa hivyo. Nilikataa, kwa sababu feni ikizunguka bila kukoma hupiga kelele, hula petroli, na huilemea beringi ya pampu ya maji. Nilinunua kaboni ya alternata Mwembe Tayari kwa bei ya soda mbili, nikaisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, nikiijaribu kwenye nyumba yake kila baada ya dakika chache, mpaka ilipoingia na kutoka bila kukwama wala kulegea. Ilinichukua alasiri nzima. Feni ilishika siku hiyohiyo, na ule mlio wa "tak" inaposhika bado nausubiri kila ninapopanga foleni.

Kuhusu vipuri vikubwa, wenye 504 wajue kwamba injini hii ya sentimita za ujazo 1971 ilitumika pia kwenye Peugeot 505, kwa hiyo ukikosa cha 504, uliza cha 505. Wajue pia kwamba silinda zake ni za slivu zinazotoka, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zilizozungukwa na maji moja kwa moja, kwa hiyo injini iliyochoka huwekwa slivu na pistoni mpya bila bloku kuchongwa. Mimi huagiza Nairobi, Kirinyaga Road, kwa kupiga picha kipuri kizee kando ya rula, pande tatu, na mzigo hufika kwa basi la usiku. Pampu ya maji nimeacha kuitafuta. Nampelekea fundi wa leithi ile ya zamani aitoe beringi na sili na kutia mpya zenye vipimo vilevile.

Muuguzi, Likoni (Toyota Starlet EP82)

Mwalimu, umenigusa kwa hiyo foleni ya feri, maana mimi huvuka mara mbili kwa siku na adui yangu si joto, ni kutu. Siku za bamvua, maji yanapojaa, magurudumu hupita kwenye maji ya bahari pale gatini, na yanayoruka hukaa chini ya gari mpaka yakauke na kuacha chumvi. Hata usipokanyaga maji, upepo wa bahari huileta chumvi hiyo hadi mlangoni kwako.

Mwaka juzi nilikuwa natoka zamu ya usiku. Nikiteremka kuelekea kivukoni nilikanyaga breki, na pedali ikazama hadi sakafuni. Nilishusha gia, nikavuta breki ya mkono, na gari likasimama likiwa limeegemea ukingo wa barabara. Bomba la breki la nyuma lilikuwa limetoboka kwa kutu mahali lilipobanwa na klipu, mahali ambapo matope yenye chumvi hujikusanya na macho hayafiki. Fundi alitaka kukata sehemu mbovu na kuunga kipande. Nilisema hapana, bomba lote litoke, kwa sababu kutu iliyotoboa hapa ilikuwa inakaribia kutoboa pale. Alilipinda jipya akifuata umbo la lile la zamani, wakalaza yote mawili sakafuni mbele yangu kulinganisha kila kona.

Sasa kila Jumamosi naosha chini ya gari kwa maji baridi ya mfereji, hasa ndani ya matao ya magurudumu na kwenye kingo za chini za milango, na kila baada ya miezi michache nazibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango kwa kijiti. Wale wanaopaka oili chafu chini ya gari nawasihi wasiiguse mipira wala bushi, kwa kuwa oili huilainisha mipira hiyo na kuiharibu. Na ninachokitafuta kwa sasa ni taa ya nyuma ya kushoto; yangu imepasuka na maji ya mvua huingia ndani.

Muuza vipuri, Mwembe Tayari

Nawasalimu wote. Nitasema yale ninayotamani kila mteja angeyajua kabla hajafika kaunta.

Namba ya kipuri cha Toyota huwa na tarakimu kumi zilizogawanywa tano kwa tano. Tano za mwanzo hutaja aina ya kitu: 04465 ni breki pedi za mbele, 04495 ni breki shuu za nyuma, 90915 ni filta ya oili. Tano za mwisho ndizo hukitenganisha na ndugu zake. Ukija na namba nzima huhitaji kujua Kiingereza wala kunieleza gari lina rangi gani. Ukiikosa, njoo na kipuri chenyewe, hata kikiwa kimevunjika vipande vitatu. Njoo navyo vyote.

Vya mtumba kutoka Japani nauza, na naviamini kwa vitu kama giaboksi, milango, taa na kompyuta ya injini. Lakini mkanda wa taiming, pampu ya maji, breki na chochote cha mpira, tafadhali msinunue cha mtumba, hata kwangu, kwa kuwa mpira huzeeka hata ukilala kabatini.

Wenye Corolla mia, yaani AE100, na Starlet waelewe pia kwa nini bidhaa zao zinapungua. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo magari ya aina yenu hayaingii tena bandarini, na huko Japani mengi yalikwishavunjwa. Mwenye Probox hana wasiwasi, kwa sababu injini yake ya 1NZ-FE imo pia ndani ya Fielder na nyingi za zile Corolla tunazoziita NZE, na kipuri kimoja humtosha huyu na yule. Ninyi wengine, mkikutana na kipuri kizuri cha gari lenu, kinunueni hata kama hamna haja nacho mwezi huo.

Mwalimu, Changamwe

Bwana muuza vipuri, kwenye kompyuta ya injini ningeongeza tahadhari. Rafiki yangu alinunua ya mtumba duka jingine, ya gari lilelile lakini la gia za otomatiki, akaifunga kwenye lake la gia za mkono, na taa ya injini haikuzimika. Namba iliyobandikwa juu ya kasha ilinganishwe herufi kwa herufi kabla pesa haijatoka mfukoni.

Muuza vipuri, Mwembe Tayari

Ni kweli, Mwalimu, na nashukuru kwa kunikumbusha. Mimi humruhusu mteja alijaribu kasha kwenye gari lake likiwa mbele ya duka, na ninawashauri msinunue kwa asiyekubali.

Mstaafu, Tudor (Toyota Starlet EP82)

Dada wa Likoni, gari langu ni kama lako, ila bodi yake iligongwa mbele na nimeamua kutolitengeneza tena. Taa ya nyuma ya kushoto ni nzima, kioo hakina ufa, na mpira wake wa kuzuia maji bado ni laini. Nimeifungua jioni hii, nimeacha nyaya urefu wa shubiri moja ili fundi wako apate pa kuungia, na nimeizungushia gazeti. Milango miwili ya kulia pia haina kutu. Sema ni siku gani unavuka upande wa kisiwani baada ya zamu, nami nitakuletea taa hadi kivukoni.