Picha za majengo ya kisasa kwa nyeusi na nyeupe: kwa nini zangu zinatoka kijivu tupu?

KutaNyeupe

Wanajukwaa, salaam. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikipiga picha za majengo ya kisasa, hasa yale ya zege, kioo na chuma yaliyojengwa bila mapambo, na kilichonivuta tangu mwanzo ni picha za nyeusi na nyeupe za waliotutangulia katika kazi hii. Nikitazama picha zao naona kingo kali, vivuli vizito na anga lililosimama nyuma ya jengo kama pazia. Nikitazama zangu naona kijivu. Ukuta ni kijivu, anga ni kijivu, na hata kile kivuli kilichonisimamisha pale mahali nacho kimegeuka kijivu kama vingine.

Utaratibu wangu ni kupiga kwa rangi, kisha kufungua picha katika programu ya kuhariri na kuondoa rangi yote kwa mara moja. Mfano wa karibuni ni jengo jeupe la ghorofa nne lenye mstari mrefu wa madirisha. Nililipiga mchana, chini ya anga la buluu lisilo na wingu, kwa lenzi pana niliyoiinua ili paa liingie. Ikiwa na rangi, picha ile ilinipendeza. Nilipoiondoa rangi, jengo likayeyukia ndani ya anga.

Naomba kujua kosa liko wapi. Pia nina jambo la pili linalonisumbua zaidi: rafiki yangu ambaye ni msanifu majengo ameniambia kwamba kuondoa rangi ni kumdhulumu aliyelibuni jengo, nami sijapata jibu la kumpa.

Zege_Tupu

Ndugu KutaNyeupe, naona makosa mawili yaliyoshikana. La kwanza lilitokea ulipobonyeza shata, na la pili ulipokaa mbele ya kompyuta.

Kamera haijui kwamba ukuta ulio mbele yake ni mweupe. Kipimamwanga chake huchukulia kwamba chochote kinachoonekana ni kijivu cha kati, kile ambacho wapiga picha hukiwakilisha kwa kadi inayorudisha asilimia 18 ya mwanga, na kwa hiyo ukuta mweupe unaojaza fremu huishia kupunguziwa mwanga mpaka ufanane na kadi hiyo. Ongeza stopu moja na nusu, hata mbili (kila stopu huongeza mwanga maradufu), juu ya kile kamera inachopendekeza, huku ukitazama histogramu, ile grafu ya giza na mwanga wa picha, ili weupe usije ukakatika upande wa kulia, yaani kupoteza maelezo yake yote. Ansel Adams na Fred Archer walipobuni mfumo wao wa kanda kuelekea mwaka 1940, walilenga jambo hilihili: kwamba mpiga picha ndiye aamue ukuta uangukie kwenye kijivu kipi, wala asiiachie mashine uamuzi huo. Ila kumbuka tofauti moja kubwa. Anayetumia filamu ya negativi huupimia mwanga kwenye vivuli, kwa sababu kivuli kilichokosa mwanga kwenye negativi hakirudi tena. Sisi wa kamera za dijitali tunalinda weupe kwanza, kwa sababu weupe uliokatika ndio usiorudi.

Kosa la pili ni hilo la kuondoa rangi kwa mara moja. Katika picha ya rangi, macho yako yalikuwa yanatenganisha ukuta na anga kwa sababu moja ni buluu na kingine si buluu, ilhali kwa kiasi cha mwanga vilikaribiana sana. Ulipoifuta rangi, ulifuta kitu pekee kilichokuwa kikivitenganisha. Hifadhi picha kama faili ghafi (RAW), kisha katika programu tumia vidhibiti vinavyoamua kila rangi igeuke kijivu cha namna gani, ukishusha buluu taratibu. Wenye filamu hufanya kazi hiyo kwa filta mbele ya lenzi: ya manjano hulitia anga uzito kidogo, ya chungwa zaidi, na nyekundu huligeuza karibu jeusi huku ikila takriban stopu tatu za mwanga. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaitambui. Katika siku ya anga safi, vivuli hupata mwanga wao kutoka kwenye anga lenyewe, kwa hiyo navyo vina ubuluu, na ukilishusha anga, vivuli vya ukutani hushuka pamoja nalo. Ndiyo maana picha unazozipenda zina vivuli vizito namna ile. Usishushe buluu mpaka chini kabisa, kwani anga litajaa chembechembe na mstari mweupe utajitokeza kwenye ukingo wa paa, alama ambayo huidhihirisha kazi ya haraka hata kwa mtu asiyejua kuhariri.

Kuhusu mchana, siwezi kuungana na wanaosema kwamba jua la utosini halifai kamwe. Jua hilo hutiririka ukutani kutoka juu, na katika jengo lenye vibaraza, mabamba ya kukinga jua au zege lenye mikunjo, huchonga kila kilichojitokeza. Zege la National Theatre jijini London, kazi ya Denys Lasdun iliyofunguliwa mwaka 1976, lilimwagwa ndani ya mbao zilizoacha chapa ya nyuzi zake ukutani, na nyuzi hizo huonekana vizuri pale tu mwanga unapoupapasa ukuta kutoka pembeni au juu. Mwanga ukija usoni moja kwa moja, zege lilelile huwa bapa kama karatasi. Shida ni kwamba jengo lako ni ukuta laini wenye madirisha. Huo una kitu kidogo sana cha kuchongwa, kwa hiyo subiri jua lishuke mpaka upande mmoja wa jengo uwe gizani na mwingine uwe kwenye mwanga.

ChumbaChaGiza

Nimshike rafiki yako msanifu, kwa sababu hoja yake ni nzito kuliko inavyosikika.

Chukua banda la Ujerumani ambalo Ludwig Mies van der Rohe alilijenga kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa ya Barcelona mwaka 1929. Lilibomolewa mwaka uliofuata, na hadi lilipojengwa upya kati ya mwaka 1983 na 1986, vizazi kadhaa vya wasanifu vililijua kwa ramani na kwa picha za nyeusi na nyeupe peke yake. Kutokana na picha hizo walijifunza kwamba usanifu wa kisasa ni ukavu, ni mistari, ni kujinyima. Banda lenyewe lilikuwa na ukuta wa jiwe la oniksi lenye rangi ya dhahabu, marumaru ya kijani na pazia jekundu. Vivyo hivyo kwa msanifu Le Corbusier, ambaye wengi humdhania mtu wa kuta nyeupe, ilhali ndani ya nyumba zake za miaka ya 1920 kuna kuta za rangi nyingi, na kwenye jengo lake kubwa la makazi mjini Marseille, lililokamilika mwaka 1952, kuta za ndani ya vibaraza zimepakwa rangi kali. Kwa hiyo rafiki yako ana haki ya kulalamika: nyeusi na nyeupe imewahi kuufundisha ulimwengu jambo lisilo kweli kuhusu majengo haya.

Hata hivyo, jengo hilohilo la Marseille ndilo ninalolitumia kumjibu. Mwaka 1949, likiwa bado linajengwa, Lucien Hervé alikwenda kulipiga picha, akapiga 650 kwa siku moja na kumpelekea Le Corbusier. Msanifu hakulalamika kwamba amedhulumiwa. Alimwona Hervé kuwa mtu mwenye roho ya usanifu, akamfanya mpiga picha wake hadi yeye Le Corbusier alipofariki mwaka 1965. Hervé hakutaka kueleza jengo zima. Alichukua mkasi na kukata picha zake mpaka kikabaki kipande cha ngazi, kona ya paa, mstari wa kivuli juu ya zege ghafi, na kipande hicho kikawa na nguvu ambayo picha ya jengo zima isingeweza kuwa nayo. Dhuluma huja pale unapoidai picha kuwa ni jengo. Ukikiri kwamba unazungumzia mwanga na umbo peke yake, hujamdanganya mtu.

Kutokana na hayo, ninajiuliza swali moja kabla sijafungua kamera: rangi ikiondoka hapa, wazo la jengo linaondoka nayo? Kwenye kuta za waridi za msanifu Luis Barragán linaondoka, kwa hiyo ninapiga kwa rangi bila kusita. Kwenye kanisa la Tadao Ando huko Ibaraki, Japani, lililokamilika mwaka 1989, ambalo ukuta wake wa zege umepasuliwa kwa msalaba unaopitisha mwanga, wazo lote ni giza na mwanga, na rangi haina la kuongeza.

Kuna zoezi jingine ninalokushauri: legeza fokasi ya lenzi kwa makusudi na ulitazame jengo likiwa na ukungu. Hiroshi Sugimoto alianza mwaka 1997 kupiga majengo mashuhuri ya kisasa akiwa ameipeleka lenzi nje ya fokasi kabisa, ili aone ni umbo lipi linabaki baada ya maelezo yote kufutika. Wewe huna haja ya kupiga hivyo; tazama tu. Ukiona madoa mawili au matatu ya giza na mwanga yanayoshikana vizuri, picha ipo. Ukiona uji wa kijivu, sogea au subiri.

Mistari_Wima

Nakubaliana na waliotangulia isipokuwa jambo moja, nalo ni hili anga jeusi. Limekuwa mazoea, na pamoja nalo yale mawingu yaliyovutwa kwa kufungua shata muda mrefu. Najua namna yanavyofanywa, kwani nimefanya hivyo kwa miaka mingi: filta ya stopu 10 hubadilisha sekunde 1/60 kuwa karibu sekunde 17, na mawingu yanakuwa michirizi. Lakini nilipozitandaza picha zangu mezani niligundua kwamba nilikuwa napiga mawingu, na jengo lilikuwa kisingizio. Bernd na Hilla Becher, ambao kwa miongo kadhaa walipiga minara ya maji na mitambo ya viwanda, walisubiri siku za mawingu ili anga liwe jeupe tupu na umbo lisomeke bila kivuli cha kulipotosha. Kwa mnara wa kioo cheusi au chuma cheusi, anga jeupe hutenganisha kuliko filta yoyote.

Sasa nije kwenye ile lenzi uliyoiinua. Kamera ikiinama au kuinuka, mistari ya wima hukutana juu na jengo huonekana likianguka nyuma; katika picha ya rangi mtazamaji huweza kusamehe, lakini katika nyeusi na nyeupe hakuna kingine cha kutazama isipokuwa mistari. Iweke kamera sawasawa kwenye tripodi, mgongo wake ukiwa sambamba na ukuta. Lenzi inayoteleza juu na chini ndiyo chombo chake hasa, kwa kuwa unaipandisha lenzi huku kamera yenyewe ikibaki wima. Asiye nayo arudi nyuma, aache nafasi kubwa chini ya fremu na kuikata baadaye, au anyooshe mistari katika programu akijua kwamba atapoteza pembe za picha na jengo linaweza kurefuka isivyo kweli. Ama uinamishe kamera kwa makusudi na kwa kiasi kinachoonekana wazi. Mstari uliopinda kidogo husomeka kama uzembe.

KutaNyeupe

Nawashukuru nyote kwa moyo. Nimerudi kwenye jengo lile alasiri, nikasubiri upande mmoja uingie kivulini, nikaongeza stopu moja na theluthi mbili na kushusha buluu hadi nusu tu. Kwa mara ya kwanza ukuta ni mweupe na anga lina uzito wake. Rafiki yangu ameitazama picha kwa muda mrefu, akasema angependa kuiona ile ya rangi pia, iwe pembeni yake, na nimeona ombi lake ni la haki. Limebaki tatizo moja: madirisha sasa ni mashimo meusi, kana kwamba jengo limehamwa. Nilijaribu filta ya polaraizi, yakazidi kuwa meusi.

Mistari_Wima

Hilo lilitarajiwa. Polaraizi huondoa mng'ao wa kioo, hasa ukikitazama kwa pembe ya nyuzi 35 hivi kutoka kwenye uso wake, na mng'ao ukiondoka unabaki na giza la chumba kilicho ndani. Kwa jengo lako mng'ao ni mali, hivyo vua filta hiyo na utafute mahali ambapo madirisha yanaakisi sehemu angavu ya anga.

La sivyo, nenda machweo. Julius Shulman alipopiga mwaka 1960 ile nyumba ya kioo ya Pierre Koenig inayoning'inia juu ya taa za Los Angeles, aliacha shata wazi kwa karibu dakika 7 ili taa za mji ziingie kwenye filamu, kisha akawasha flashi kwa ajili ya wanawake wawili waliokaa ndani. Wewe hutahitaji flashi, taa za ofisini zitatosha. Fika kabla jua halijazama, funga tripodi, na taa zikishawashwa piga picha moja kila baada ya dakika mbili bila kuigusa kamera. Kuna kipindi kifupi ambapo mwanga wa ndani unalingana na ule uliobaki ukutani. Kabla yake madirisha bado ni meusi, na baada yake ukuta umekwisha kupotea. Kitambue baadaye kwenye skrini, ukilinganisha picha moja baada ya nyingine.