MJADALA: Tamanend wa Walenape, tunamsifu yeye au tunawapamba walowezi?

Wakuu, karibuni tujadili kwa hoja.

Tamanend alikuwa kiongozi wa Walenape, wenyeji wa bonde la mto Delaware huko Marekani. Anakumbukwa kwa mapatano ya amani na Mwingereza William Penn, mwanzilishi wa koloni la Pennsylvania, pale kijijini Shackamaxon, ambayo husimuliwa kuwa yalifanyika mwaka 1682 au 1683. Leo ana sanamu Philadelphia, amesimama juu ya kobe.

Mimi sifa zile zinanitia shaka. Ipo hati ya Juni 1683 ambayo Tamanend aliitia alama, akiuza ardhi iliyo kati ya vijito vya Neshaminy na Pennypack. Bei? Shanga za wampum, bunduki, viatu, soksi, vioo na blanketi, kwa kadiri Penn mwenyewe atakavyopenda kutoa. Hata kuku gulioni hauzwi hivyo! Kisha 1737 wana wa Penn wakaibua karatasi ya zamani: Walenape wawape ardhi ya umbali ambao mtu anatembea siku moja na nusu. Wakafyeka njia mapema, wakakodi vijana watatu wenye mbio. Akamaliza mmoja tu, Edward Marshall, na takriban ekari milioni 1.2 zikaondoka.

— Mkuu, unamtwika Tamanend madhambi ya watu wengine. Mwaka 1737 hakuwepo. Penn mzee alilipia ardhi wakati wenzake wanapora kwa bunduki, na Walenape hawakuingia vitani na Pennsylvania hadi 1755. Miaka 70 watu wanalala usingizi, unaiona ndogo?

— Walilala wote, ila walioamka bila shamba ni wa upande mmoja. Walenape wengi sasa wako Oklahoma, wengine Wisconsin na Ontario. Mwaka 2004 Delaware Nation, yaani kabila mojawapo la Walenape wa Oklahoma, walikwenda mahakamani kudai ekari 315 tu kati ya zile za 1737. Kesi ikatupwa. Majaji walisema hata kama kulikuwa na ulaghai, namna mtawala alivyofuta haki ya wenyeji si jambo la mahakama kuamua. Soma tena hapo, mkuu.

— Nimesoma. Bado hilo ni kosa la Tamanend?

Si kosa lake, nakubali, na sanamu ibaki. Ninachokataa ni kuhadithia Shackamaxon halafu kunyamazia 1737, hasa kwa wanafunzi wa Pennsylvania. Anayeona ninakosea aje na hoja, matusi hapana.