Mrejesho: tumbo kujaa gesi na kushtuka usiku

Wakuu, ni mimi wa Moshi niliyeuliza kwa nini tumbo likijaa gesi nashtuka saa nane usiku, moyo unadunda. Asanteni sana. Aliyenieleza kwamba utumbo una neva zake, na neva ya vagasi inapeleka taarifa hadi kwenye ubongo, alinifumbua macho.

Nimehamisha chakula cha usiku kutoka saa nne hadi saa kumi na mbili jioni, na kahawa mwisho saa sita mchana. Kahawa imenitesa, huku kwetu birika haliepuliwi jikoni! Ila wiki ya tatu sasa nalala mpaka adhana ya alfajiri.

Maziwa mgando yalinizidishia gesi, nimeyaacha. Nikila maharage usiku bado nakesha. Jumatatu napima vidonda vya tumbo.