Mrejesho: Paka mwingine baada ya Simba

Wapendwa, mwezi uliopita niliuliza kama nilete paka mwingine baada ya Simba wangu kufa, au ningoje kwanza. Wengi mlisema ningoje. Nilimudu wiki tatu tu. Panya wa mtaa wetu wa Umoja hawajui matanga. Jirani akanipa jike mweusi wa mwaka mmoja hivi. Huyu hulala juu ya friji, hana habari nami. Simba alikuwa akizijua hatua zangu tangu ngazi za chini, nikifika namkuta ameshakaa mlangoni. Aliyenionya kuhusu maziwa, asante: kweli huyu mpya aliharisha, maana paka wengi wakishakua hawayamudu. Sasa ni omena za kuchemsha, bila chumvi. Ile sahani ya bati ya Simba, iliyobonyea, sijampa bado. Nimeiosha tu nikairudisha kabatini.